Jiwe la Mia Nne na Moja

Hapo zamani, si zamani ya majitu na wanyama wanaosema, bali zamani ya juzi ambayo wengine bado wanaikumbuka, palikuwa na mji mkubwa ukiitwa Ungwasi. Katikati ya mji palikuwa na msitu, na katikati ya msitu palikuwa na chemchemi. Maji yake yalikuwa maangavu. Ukidondosha sindano unaiona inavyotua chini. Mji mzima ulikunywa hapo, na watu wa nchi zote walikuja kuitazama.

Walikuja kumi, wakaja mia, wakaja elfu. Wenyeji wakafurahi. Mwenye chumba akakigeuza cha wageni, mwenye ua akajenga ghorofa. Mizizi ikakanyagwa, miti ikakatwa kupisha vitanda, na chemchemi ikaanza kushuka. Iliposhuka shibiri moja, watu walisema ni kiangazi. Iliposhuka mkono mzima, walisema ni kiangazi kirefu. Binadamu tunajua kujidanganya, na nyinyi mnaocheka hapo nyuma mmo pia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watu wangu ni watatu tu, na mwisho nitawauliza habari zao.

Wa kwanza ni Bi Shemsa, mpimaji. Huyu alichomeka fimbo yenye alama ndani ya chemchemi, akaenda kuisoma kila asubuhi kwa miaka tisa. Masika alikwenda, kiangazi alikwenda, siku aliyomzika mumewe alikwenda. Mwaka wa tisa akasimama mbele ya baraza la mji, akasema chemchemi inaweza kubeba wageni mia nne kwa siku, wasizidi. Kisha akatoa mpango wa miaka thelathini. Nyumba za wageni zihame msituni. Wageni waonyeshwe pia mtaa wa wafinyanzi, mtaa wa wasusi wa mikeka na mtaa wa wapika halua, ili kila mtaa upate riziki. Miti ipandwe, hata ile ambayo yeye mwenyewe hatawahi kukaa kivulini mwake.

Watu walicheka waliposikia miaka thelathini. Wengine hawakucheka, waliipiga nyumba yake mawe mpaka paa likaingia ndani. Bi Shemsa akafunga vyombo vyake, akahamia mji wa jirani, mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Wa pili ni Mzee Ngwali. Yeye alikuwa na nyumba ya wageni kubwa kuliko zote, vyumba arobaini, imekaa juu ya mizizi hatua chache kutoka majini. Naye alikuwa miongoni mwa waliocheka. Asubuhi moja alishuka kuteka maji ya wageni wake, ndoo ikapanda na tope. Alikaa kwenye ngazi mpaka adhuhuri. Kesho yake akachukua nyundo kubwa, akaanza kuvunja ukuta wake mwenyewe. Wanawe wakamshika mikono. Akawaomba wamwachie, nao wakamwachia.

Majirani walipoona nyumba ya Ngwali imelala chini, wakaona aibu, wakavunja zao. Katika miaka miwili msitu ukabaki na miti tu. Lakini wana wa Ngwali walikosa kazi, wakaenda miji ya mbali, mkewe akawafuata wanawe na hakurudi. Mzee akabaki peke yake katika chumba kimoja mtaa wa wafinyanzi.

Ndipo baraza likaukubali mpango. Likaweka chungu langoni mwa msitu, ndani yake vijiwe mia nne. Kila mgeni anayeingia hutoa kijiwe chunguni na kukitia kapuni. Chungu kikiwa kitupu, lango linafungwa kwa wageni mpaka kesho.

Wajanja hawakukosekana. Walianza kuwaita wageni wao ndugu. Mtu mmoja alipata binamu mia kwa mwezi mmoja. Baraza likaweka sheria: anayelala mjini siku zote ni mwenyeji, anayelala kwingine ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa hapa.

Wa tatu ni Mashavu, mlinzi wa lango. Walikuja wakubwa na misafara yao, chungu kitupu, akawarudisha. Walikuja maharusi, chungu kitupu, akawarudisha. Walikuja wenye kumbembeleza na wenye kumtukana, akawarudisha wote kwa sauti ileile.

Siku moja alasiri chungu kilikuwa kitupu, na nje ya lango walisimama watu waliokosa nafasi, wakinung'unika. Wakaja watu wanne wamebeba kitanda. Juu ya kitanda alilala Mwanahawa, mdogo wake Mashavu, aliyeolewa mji wa mbali miaka mingi. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza, amebaki mifupa na macho.

"Dada, ni mimi," alisema.

"Nimekuona, mdogo wangu. Chungu kitupu."

"Hata mimi?"

Mashavu alimwambia kwamba kesho jiwe la kwanza ni lake. Akaenda mwenyewe kumtekea maji kwa kata, akamletea pale nje, akamnawisha uso. Mwanahawa akasema, "Si maji ninayoyataka, dada. Nataka kuona pale mama alipokuwa akituogesha."

Mashavu akawatazama wale watu waliorudishwa. Nao walikuwa wakimtazama yeye, wakingoja waone. Akaketi chini kando ya kitanda, akaushika mkono wa mdogo wake, akakaa hapo. Kabla lango halijafunguliwa asubuhi, Mwanahawa alikuwa amekwisha kukata roho.

Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeomba upendeleo katika lango lile. Inaniuma kulisimulia hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miaka thelathini ikatimia. Maji yakapanda mpaka alama ya juu kabisa ya fimbo. Mitaa yote ilikuwa na riziki, na watoto walicheza chini ya miti ambayo wazazi wao waliiona ikiwa miche. Baraza likamwita Bi Shemsa apime upya. Akapima siku saba, akarudi na jibu: chemchemi inaweza kubeba jiwe moja zaidi. Moja, si mawili.

Baraza likaamua jiwe hilo la mia nne na moja lisitiwe chunguni, bali liwe zawadi. Atakayepewa, yeye na kizazi chake, watalitumia mara moja kwa siku, hata chungu kikiwa kitupu. Wakaitwa watu watatu, wazee sasa, wakaketi mkekani, jiwe katikati yao. Wakatakiwa waseme.

Bi Shemsa akasema, "Bila fimbo yangu msingejua kwamba mnakufa. Niliutengenezea mji huu miaka thelathini, na mji ukanifanya mgeni. Nimekuja kupima nikakuta chungu kitupu, nikarudi kwa miguu, si mara moja wala mbili. Sasa macho yangu yanafifia. Nataka binti yangu aisome fimbo kila siku, maana iko miaka thelathini mingine inayokuja."

Mzee Ngwali akasema, "Mpango wake ulikuwa karatasi mpaka ukuta wangu ulipoanguka. Nina wajukuu tisa waliozaliwa ugenini. Mwaka jana mmoja wao alikuja kuona alipozaliwa baba yake, akarudishwa langoni. Nilivunja nyumba ili maji yabaki. Sikujua kwamba yatabaki kwa watu wengine."

Mashavu akasema bila kumtazama mtu, "Karatasi haifungi lango, na ukuta ulioanguka haulifungi. Nililifunga mimi. Silitaki jiwe hili liwe langu. Nipeni nilitundike pale langoni, liwe la yeyote atakayeletwa kitandani."

Basi wakaanza kuulizana. Bi Shemsa akamwambia Mashavu kwamba jiwe la huruma likitundikwa langoni, mwezi wa pili watakuja wagonjwa mia kwa siku, na nani atakayekagua yupi anakufa kweli? Mashavu akamwambia Ngwali kwamba alivunja kitu ambacho hakupaswa kukijenga tangu mwanzo. Ngwali alikubali, akasema ni kweli, lakini wengine nao walijenga, na aliyeanza kuvunja ni yeye. Kisha akamgeukia Bi Shemsa, akamuuliza kwa upole kwa nini alipohesabu miguu yote ya wageni hakuacha hata jiwe moja la mtu anayekufa.

Bi Shemsa aliinamisha kichwa, akawa anaupapasa mkeka kwa vidole.

Mkuu wa baraza akamuuliza Mashavu swali la mwisho. "Tukimpa mwingine jiwe hili, na leo Mwanahawa akaja tena na kitanda chake, na chungu ni kitupu, utafanya nini?"

Mashavu akalitazama jiwe.

"Nitamrudisha," alisema, akajifunika uso kwa kanga.

Mzee Ngwali akalia. Bi Shemsa naye akalia. Wazee wa baraza wakatazamana, na hakuna aliyenyoosha mkono kulichukua jiwe.

Hadi hapo ndipo ninapopajua. Jiwe liko mkekani, dogo, jeusi, la kuenea kiganjani. Mimi ninayewasimulia nimebadili mawazo mara tatu, kwa hiyo msinitazame usoni mkitafuta jibu. Wala msiniambie wagawane, maana mpimaji amekwisha kusema ni moja, si mawili. Kati ya aliyepima, aliyebomoa na aliyefunga lango, je, nani alistahili?