Mjomba Aliyekuja Kumzika Kiwavi

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama wagonjwa! Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, nyuma ya nyumba ya Bi Mwanakheri palikuwa na bustani, na bustanini palikuwa na mndimu. Kwenye tawi la chini aliishi Kiwavi. Alikula majani, kwaru kwaru kwaru. Chini yake alikaa rafiki yake Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, aliyeapa hatamdonoa. Kuku kuapa hivyo, wenzangu, si jambo dogo!

Siku moja Kiwavi akaacha kula. Akajifunga tawini kwa uzi, akajikunja, akawa mkavu kama ganda la ukwaju. Kimya.

"Meee! Amefariki!" akalia Beberu, mbuzi mkubwa wa pale. "Azikwe leo leo!"

Bata akaanza kuchimba kaburi. Chaka! Chaka! Kishingo akatega sikio kwenye lile ganda. Tik. Tik. Akawageukia wenzake.

"Jamani, yu hai! Nimelalia mayai kumi na matatu, sauti ya kitu kinachojiandaa kutoka naijua!"

"Una uchungu tu, dada," akasema Bata. "Pole sana. Njoo umshike miguu."

"Miguu hana tena!"

"Si unaona? Ndiyo dalili amekufa."

Kishingo akaona rafiki yake anazikwa mzima mzima. Akapiga ukelele: "Na mjomba wake je? Mnazika bila mjomba?"

Wakatazamana. Kweli, bila mjomba hakuzikwi. Kaburi likangoja, watu wakakaa matanga. Siku ya kwanza wakala pumba, wakalia. Siku ya pili wakala mchicha wa Bi Mwanakheri, wakalia kidogo. Siku ya tano wakala tu. Kishingo hakula, hakulia, hakuondoka chini ya tawi.

Siku ya kumi, asubuhi, ganda likasema: pwa! Akatoka Kipepeo, amelowa, anatetemeka.

"Mjomba amefika!" akaruka Beberu. "Pole na msiba, mjomba. Tumekungoja mpaka mchicha umekwisha."

"Msiba wa nani?"

"Wa Kiwavi."

"Kiwavi ni mimi!"

"Masikini, msiba umemchanganya," akanong'ona Bata.

Wakamvuta mpaka kaburini. Wakalilaza lile ganda tupu. Wakampa Kipepeo udongo autupe, akautupa, akajizika. Beberu akamsifu marehemu, kwamba sura alikuwa hana, lakini roho alikuwa nayo. Kipepeo akasema, "Ahsanteni."

Waombolezaji walipotawanyika, akatua kwenye ile shingo isiyo na manyoya.

"Dada," akasema, "nilikuwa mle ndani nasikia yote. Nimejua nani alililia pumba, na nani aliningoja."

Hapo ndipo Kishingo alipolia.

Basi, wakubwa kwa wadogo, aliyenyamaza msimwahishe kaburini, mngojeni. Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mndimu. Asiyeipenda aizike, lakini kwanza amwite mjomba.