Shekuwe na Pumzi ya Mwisho ya Nduguye

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wangu, siku ambazo mtu akiapa hata mbuzi husimama kusikiliza. Sogeeni. Wewe unayetafuna, tafuna kimya, kisa hiki hakisimuliwi mara mbili.

Palikuwa na mji wa nyumba za mawe huko pwani, na katika mji huo palikuwa na ndugu wawili, Mshamu mkubwa na Shekuwe mdogo. Mshamu alimwoa Mwana Tumu, binti wa pekee wa Mzee Famau. Na mila ya mji ule, wajukuu zangu, ni kwamba baba humjengea binti nyumba, mume akaja na sanduku lake la nguo. Nyumba ni ya mke. Mume ana shamba lake la minazi huko nje, lakini usiku analala kwa mkewe, na akinuniwa analala barazani.

Wakakaa miaka, wakakaa miaka, mtoto hawakujaliwa. Siku moja adhuhuri wameketi wanakula, boriti zilizokuwa zimeliwa na mchwa zikakatika, dari yote ya chokaa ikashuka. Watu wakakimbilia, wakafukua, wakafukua. Walipowatoa, wote wawili walikuwa wamekufa, na sinia liko kati yao. Wakazikwa siku ile ile.

Shekuwe alilia, nisimsingizie. Alilia kweli kweli, siku tatu chakula hakikumpita kooni. Siku ya nne akaenda kunyolewa, na kinyozi, hao ndio mnaowajua, akamnong'oneza.

"Shamba la Mshamu ni lako, hilo halina maneno. Lakini nyumba je?"

"Nyumba ni ya mkewe. Itarudi kwa Mzee Famau."

"Inategemea nani alitangulia. Kama mke ndiye aliyekufa kwanza, hata kwa kope moja, basi mume amemrithi nusu, maana hawana mtoto. Na nusu ya mume inakuja kwa nani?"

Shekuwe aliinuka papo hapo. Alirudi nyumbani kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Tangu hapo hakulala. Akipita mbele ya nyumba ile anaitazama milango yake ya nakshi, anahesabu nusu. Mlango nusu, kisima nusu, sebule nusu. Alikuwa anaishi chumba cha kupanga na mkewe, Bi Maimuna, na nusu ya nyumba ile ilikuwa kubwa kuliko vyote alivyowahi kuvimiliki. Akaenda kwa kadhi.

Kadhi alikuwa mzee mwembamba, mpole, na mimi watu wapole wa namna ile nawaogopa. Akamwita Mzee Famau pia. Mji mzima ukajaa barazani.

"Mzee Famau," akasema kadhi, "katika marehemu hawa, unajua nani alitangulia?"

"Sijui. Nilikuwa msikitini. Nilipofika walishanyamaza wote wawili." Mzee akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Nawe, Shekuwe?"

"Mimi najua, Shehe. Mke alitangulia."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa napita chini ya dirisha dari ilipoanguka, kabla ya watu kuja. Shemeji hakutoa sauti. Ndugu yangu alikuwa anapumua. Aliniita."

"Alikuita?"

"Kwa jina langu. Mara tatu."

Kadhi akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayepanda mti uliooza.

"Mara tatu. Nawe ulifanya nini, mwanangu?"

Hapo ndipo Shekuwe alipoliona shimo, na mguu mmoja umo ndani. Maana siku ile, adhuhuri ile, alikuwa wapi? Alikuwa kwake, amekula uji wa mtama, amelala anakoroma. Bi Maimuna ndiye aliyemwamsha kumpa habari.

"Fikiri," akasema kadhi. "Ukisema hukusikia kitu, unarudi nyumbani na shamba la nduguyo, na watu wanakupa pole. Ukisema ulisikia, utaapa. Ulisikia, au hukusikia?"

Shekuwe akautazama umati. Akaifikiria sebule. Akaweka mkono juu ya Msahafu.

"Nilisikia. Niliogopa ukuta, nikaondoka."

Waliokaa karibu naye wakasogea kidogo tu, kama watu wanaopisha jua.

"Vyema," akasema kadhi. "Sasa sheria. Neno la mtu kwa faida yake mwenyewe si ushahidi, na shahidi mwingine huna. Wanaokufa pamoja, isijulikane aliyetangulia, hawarithiani. Kila mmoja mali yake inakwenda kwa walio hai wa kwake. Nyumba ni ya Mzee Famau. Shamba ni lako, Shekuwe, kama lilivyokuwa jana kabla hujaja."

Mnaniuliza kwa nini kadhi hakumwambia mapema? Kamuulizeni yeye, kaburi lake lipo.

Jioni Shekuwe alirudi, akamkuta mkewe amekaa mlangoni. Habari zilishafika.

"Maimuna, wewe unajua nilikuwa hapa, nimelala. Kawaambie watu sikumwacha ndugu yangu."

"Nikiwaambia hivyo, watasema umeapa uongo juu ya Msahafu. Nikinyamaza, wataendelea kusema ulimsikia nduguyo anakufa ukaenda zako. Niambie, mume wangu, niseme lipi?"

Shekuwe akafikiri. Alifikiri mwaka ule na mwaka uliofuata, akazeeka anafikiri, minazi ya shamba ikaangusha nazi zikaota bila mtu wa kumsaidia kuokota. Mpaka siku alipokufa hakuwa amemjibu, naye Bi Maimuna hakumuuliza tena.

Basi, wajukuu zangu, mkirithi cha maiti rithini mali yake, pumzi yake mwachieni mwenyewe. Kisa changu nimekitua hapo. Mwenye kukiweza akibebe, asiyekiweza akakilalie.