Kibao cha Mwalimu Shangala

Mtega ulimi hunasa sikio. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani hivyo, na sasa mnataka kujua usemi huo ulianzaje. Ulianzia shuleni kwetu, na mimi nilikuwepo.

Mwalimu wetu wa darasa la sita, Mwalimu Shangala, alitaka tujue Kiingereza kuliko shule zote za milimani. Kila asubuhi aliandika maneno mapya ubaoni, akatueleza maana yake na namna ya kuyatumia. Hapo hakukosea. Alikosea alipoleta kibao chenye kamba. Aliyeteleza akasema Kiswahili au Kitaita alivikwa kibao hicho shingoni, na hakukivua mpaka amnase mwenzake. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa.

Basi tukawa wawindaji. Ukiulizwa jambo, ulitazama kwanza shingo ya anayekuuliza. Marafiki waliokuwa chanda na pete wakaacha kutembea pamoja. Maneno ya ubaoni tuliyajua, lakini nani angeyajaribu? Ukikwama katikati, Kiswahili kingekuponyoka na wenzako wapo wanakuvizia.

Hodari wa mitego alikuwa msichana aitwaye Mkawasi. Mwenye kibao alikuwa huru kusema apendavyo, maana adhabu alishaivaa. Mkawasi akikivaa, alikupigia kelele, "Una nyigu mgongoni!" Ukiruka na kuuliza, "Yuko wapi?" umekwisha. Tukajifunza dawa yake: kufunga mdomo na kutulia tuli.

Siku moja, baada ya mvua kubwa ya masika, tuliketi kando ya ukuta wa jiko la shule tukinywa uji. Kibao kilikuwa na Mkawasi. Ghafla akasimama mbele yetu.

"Tokeni! Ukuta unaanguka!"

Tukatazamana. Mmoja akacheka puani. Righa, mdogo wake Mkawasi wa tumbo moja, akaziba mdomo kwa kiganja asije akanaswa na dada yake.

"Righa, toka! Haki ya Mungu, sikutegi!"

Righa akatikisa kichwa. Mkawasi akatafuta Kiingereza ili tumwamini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutega kwa Kiingereza. Neno la hatari tulikuwa tumeliandika juzi tu, lakini hakuwahi kulisema kwa mtu. Halikuja. Akamrukia mdogo wake na kumvuta mkono. Tulipoona machozi yake ndipo tukakurupuka. Ukuta ukaporomoka, na mguu wa Righa ukabaki chini yake.

Mwalimu Shangala alikwenda kumwona hospitalini.

"Dada yako alikuita. Hukumsikia?"

"Nilimsikia, Mwalimu."

"Hukumwelewa?"

"Nilimwelewa."

"Sasa mbona hukutoka?"

"Alikuwa na kibao."

Mama yake Righa alikuwa akimfuta mtoto jasho. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, ulitega ndimi za wanangu, ukanasa masikio yao."

Mwalimu akaondoka. Kibao hatukukiona tena, lakini Righa hakutembea tena sawasawa, na mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma. Maneno ya mama yake watu waliyafupisha, wakawarithisha watoto wao.

Ukimfundisha mtu neno, mwache alikosee mbele yako bila hofu. Ukimvizia, siku utakapomwita kwa kweli atakusikia, atakuelewa, na hatatoka. Mtega ulimi hunasa sikio.