Juu ya Jeki, Kila Tairi Hutosha

Juu ya jeki, kila tairi hutosha. Methali hii mmeisikia leo asubuhi kutoka kinywani mwa shangazi yenu, alipomjibu yule kijana aliyejisifu mbele ya watu kwamba tangu azaliwe hajapata kukasirika. Mlicheka kwa sababu wengine walicheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake. Mmefanya vyema kuuliza. Anayecheka asichokielewa huazima meno ya wenzake.

Kwanza jueni methali hii imetoka katika nyumba gani. Amnaay alihamia milima hii ya Mbulu akiwa na ng'ombe wake na neno lake, na neno lake halikupungua hata katika miaka ambayo ng'ombe walipungua. Amnaay akamzaa Boay, ambaye watu wa pande zote mbili za bonde walimwita kuamua ugomvi wa mipaka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akisogeza jiwe la mpaka wake mwenyewe. Boay akanizaa mimi, akamzaa dada yetu Katarina, kisha akamzaa Tarmo, kitinda mimba. Methali nyingi huzaliwa kwa upumbavu wa wapumbavu. Hii ilizaliwa kwa kosa la mtu mwerevu, na mtu huyo ni wa damu yenu. Mwanzo wake ni huu.

Tarmo alikuwa dereva, mwenye gari lake mwenyewe, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alibeba abiria, mbegu na wagonjwa katika njia ambazo madereva wengine walizitazama kwa mbali na kugeuza. Aliujua kila mlio wa gari lile kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe. Kwa hiyo mwanangu Gwandu, baba yenu, alipotaka kumwoa Restituta, binti wa Mzee Qamara, hapakuwa na shaka ni nani atakayewapeleka wazee wetu ukweni.

Nyumba ya Mzee Qamara ilikuwa ng'ambo ya mteremko uitwao Mapindi, mahali ambapo barabara hujikunja mlimani kama utumbo. Ilikuwa masika. Ujumbe wetu uliondoka mara ya kwanza ukashindwa. Ukaondoka mara ya pili ukashindwa vilevile. Malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu katika udongo mwekundu na kuacha tuta katikati, na gari la Tarmo, likifika hapo, lilikalia tumbo, magurudumu yakizunguka bure.

Ndipo Mzee Qamara alipotuletea salamu: "Waambieni nitawasubiri Alhamisi, hadi ng'ombe watakapotolewa kwenda kunywa maji. Wasipofika, nitamsikiliza jirani yangu, ambaye naye anamposea mpwa wake. Yeye huja kwa miguu wala halaumu barabara."

Maneno hayo yalimchoma Tarmo kuliko yalivyomchoma mposaji mwenyewe. Alikwenda Karatu siku iliyofuata kwa fundi Sulle, rafiki yake wa tangu ujana.

"Liinue," alimwambia. "Safari hii sitaki tumbo lake liguse hata nyasi."

Sulle akaliinua. Aliweka spring ndefu na shokapu ndefu, na bodi likapanda juu kama mtu aliyekunja suruali avuke mto. Yakabaki matairi. Sulle aliegemeza ukutani matairi ya aina mbili, yenye kimo kimoja, makubwa kuliko yale ya zamani.

"Haya membamba yanakaa kwenye rimu zako zilezile," alieleza. "Haya mapana yanataka rimu hizi nyingine, zinazotokeza nje. Kwa urefu ni ndugu. Tofauti ni kwenye kona. Jembamba hugeukia mahali pake. Pana hupiga duara kubwa, linataka nafasi."

"Fundi, unanionyesha kiatu cha mchunga mbuzi na kiatu cha bwana harusi, kisha unaniuliza nivae kipi?"

"Nakuuliza unakwenda wapi."

"Nakwenda kuposa!"

Sulle akacheka hadi spana ikamponyoka. "Basi ungesema mapema. Ukweni hakuendwi na viguu vya korongo. Tufunge mapana."

Wakalipandisha gari kwenye jeki, wakafunga rimu mpya na matairi mapana. Likiwa bado huko juu, Sulle alikata usukani hadi mwisho upande wa kushoto, kisha hadi mwisho upande wa kulia. Tarmo alipitisha kiganja kati ya tairi na bati la madigadi linalolifunika kwa juu. Kikapita chote.

"Mkono mzima unapita, na nafasi inabaki!"

"Limekaa," alisema Sulle.

"Limekaa," alijibu Tarmo, na kwa neno hilo kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba gari lililo juu ya jeki huning'iniza miguu. Spring hunyooka, gurudumu huteremka, likawa mbali na bodi. Barabara ya kurudi nyumbani ilikuwa imenyooka, na gari lilikuwa tupu. Njia nzima watu walisimama kulitazama. Tarmo alipita katikati yao akiwa ametoa kiwiko nje, mpole wa uso, kama mtu asiyejua kwamba anatazamwa.

Alhamisi ilipofika, mimi nilibaki nyumbani kama desturi inavyomtaka baba wa mposaji. Waliopanda walikuwa Mzee Hhando, mshenga wetu, mtu mwenye maneno mengi na mwili wa kuyabeba. Dada yetu Katarina. Wazee wengine wa ukoo waliokaa wamebanana kama mahindi guniani. Na nyuma kabisa Gwandu, mwenye shati jeupe, akiwa ameshikilia debe la asali ya posa lisimwagike.

Walifika penye tuta lililowashinda mara mbili. Tarmo hakupunguza mwendo. Gari lilipita juu ya tuta lile kama ng'ombe anavyoruka jembe lililoachwa shambani. Wazee wakapiga makofi.

"Tarmo!" alipaza sauti Mzee Hhando. "Leo nitaanza hotuba kwa kulisifu gari, bibi harusi atafuata!"

"Anza tu, mzee. Hapa ni kama tumeshafika."

Kisha zikaanza kona za Mapindi. Katika kona ya kwanza gurudumu la mbele lilitumbukia shimoni, gari likalala upande, na Tarmo akakata usukani. Ukasikika mkwaruzo mkali, kama wa jiwe la kusagia, na moshi mwembamba ukapanda.

"Nani anakaanga viatu?" aliuliza Mzee Hhando.

Tarmo aliurudisha usukani, akaukata tena. Uligoma nusu ya njia. Nusu hiyo haikutosha kuimaliza kona. Ilitosha tu kuwapeleka ukingoni. Alivuta breki akashuka. Bati la madigadi lilikuwa limelichana tairi na kulitoa vipande virefu vya mpira. Aliingiza mkono mahali palepale alipouingiza Karatu. Hata ukucha haukupita.

Alisimama akitazama, na jambo zima likamfungukia. Uzito wa wazee ulikuwa umezikandamiza spring. Shimo lilikuwa limelisukuma gurudumu juu. Na rimu ile inayotokeza nje, usukani ulipokatwa, ililizungusha tairi pana hadi ndani ya bati. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwapo gereji.

"Linasemaje?" aliuliza Katarina kutoka dirishani.

"Kona ni kali."

"Kona ilikuwapo jana na juzi, Tarmo. Au ulitaka tuinyooshe kwanza, ndipo matairi yako yapite?"

Mzee mmoja nyuma akasema gari limevaa viatu vya kaka yake, na wote wakaangua kicheko. Tarmo hakucheka. Aliwaomba washuke. Gari lililo tupu liliinuka kidogo, akaipita kona ile kwa shida, tairi likilia. Wakapanda. Kona ya pili, wakashuka tena. Kona zilifuatana kwa karibu mno, hata ikawa kupanda na kushuka kunakula muda kuliko kutembea. Katika kona ya tatu Mzee Hhando aliteleza akaketi matopeni na kanzu yake, na safari hii hakuna aliyethubutu kucheka ila yeye mwenyewe.

Jua lilikuwa limepanda. Kengele za ng'ombe zilisikika kwa mbali, kutoka mazizi ya upande wa pili.

Tarmo aliketi nyuma ya usukani, akishindana na nafsi yake. Angeweza kulilazimisha. Tairi lingepasuka, ama lisingepasuka. Kwa umahiri wake huenda angefika, akaingia uani kwa Mzee Qamara na honi, wala pasiwe na wa kuuliza lolote. Lakini tairi lililochanika likipasuka konani, waliomo ndani ni dada yake, wazee wa ukoo na mtoto wa kaka yake. Akazima injini. Akaliegemeza gari kwenye ukuta wa mlima, akatia jiwe chini ya gurudumu.

"Gari linabaki," alisema. "Tunakwenda kwa miguu."

"Nani alilipima tairi hili?" aliuliza Katarina.

"Mimi."

"Ulilipimaje?"

"Niliingiza mkono, likapita."

"Gari likiwa wapi?"

Tarmo alijibu: "Juu ya jeki."

Katarina alimtazama ndugu yake, akatikisa kichwa, akafunga kitenge chake kiunoni kwa ajili ya mwendo. "Juu ya jeki, mwana wa Boay, kila tairi hutosha."

Gwandu alikuwa tayari ameliweka debe la asali begani. Mkono wake wa pili ulimshika Mzee Hhando kiwiko. Hakuambiwa na mtu. Waliteremka hivyo Mapindi yote, yeye akichagua pa kukanyaga, mzee akikanyaga alipokanyaga yeye, na asali ikimtiririkia shingoni.

Walipofika, ng'ombe walikuwa wanatolewa zizini. Mzee Qamara alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. Nyuma yake, barazani, alikuwa ameketi yule jirani na mpwa wake mposaji, viatu vinang'aa.

"Karibuni," alisema Mzee Qamara. "Mmewahi kwa mkia wa ng'ombe wa mwisho. Gari liko wapi? Sifa zake zilifika hapa kabla yenu."

Mzee Hhando, ambaye kazi yake ilikuwa kujibu, alifungua kinywa atafute jibu la heshima. Tarmo akamtangulia.

"Gari nimeliacha Mapindi, mzee wangu. Halina ubovu. Nilichagua matairi yanayopendeza, nikayapima gari likiwa limening'inia bila mzigo, nikajiridhisha. Barabara imenisahihisha. Dada yangu amekwisha kunihukumu njiani: juu ya jeki, kila tairi hutosha."

Mzee Qamara alicheka, kicheko kirefu cha kuegemea fimbo. Kisha kicheko kikaisha, akamtazama Gwandu. Shati lilikuwa jekundu kwa matope hadi kifuani. Alikuwa bado hajalitua debe, kwa sababu kwanza alikuwa anamtafutia Mzee Hhando mahali pa kuketi.

"Hilo la dada yenu ni neno la mtu aliyefikiri," alisema Mzee Qamara. Akageuka kuitazama baraza. "Jirani yangu, usinikasirikie. Kijana wako kila siku namwona kitini hapa, shati limenyooka, maneno yamenyooka. Sijapata kumwona penye kona. Huenda ni mwema, sijui. Huyu mwingine, leo ameletwa kwangu akiwa na mzigo, na barabara imemkunja, naye hakukwaruza."

Akamwita binti yake, kwa kuwa neno lake lilihitajika. Restituta alitoka, akawatazama wageni kuanzia miguuni.

"Umenisikia, binti yangu? Wewe unasemaje?"

"Mimi nilimpima msimu wa mavuno, baba, tulipobeba magunia pamoja," alijibu. "Mliokuwa mnachelewa ni ninyi."

Kelele za vigelegele zilisikika, wanasema, hadi kule gari lilikokuwa limeegeshwa. Asali ikapokelewa siku hiyohiyo, na nyinyi mnaonisikiliza ni watoto wa nyumba iliyoanzia pale.

Tarmo alirudi kwa Sulle, akayarudisha matairi mapana, akachukua yale membamba marefu na rimu zake za zamani. Safari hii hakupima gari likiwa jekini. Walipakia magunia ya mahindi hadi spring zikakaa, wakapandisha gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, wakakata usukani hadi mwisho. Ndipo akapitisha kiganja. Ndipo akasema limekaa. Hadi leo, dereva wa pande hizi akiliinua gari lake, hulipakia mzigo kabla ya kuchagua tairi, na anayesahau hukumbushwa kwa maneno ya Katarina.

Yule kijana wa asubuhi hajapata kukasirika kwa kuwa hajapata kuchokozwa. Uvumilivu wake uko juu ya jeki. Mwaminifu ambaye hajakabidhiwa kitu, shujaa ambaye hajatishwa, rafiki ambaye hajaombwa msaada, wote wako huko juu, na mkono hupita bila shida. Msimsifu mtu hivyo, wala msimdharau, semeni hamjui. Nanyi wenyewe, kabla ya kutangaza kwamba mmekaa, pakieni mzigo, pandeni jiwe, kateni usukani hadi mwisho.

Juu ya jeki, kila tairi hutosha. Sijawaeleza haya ili mpate cha kuwachekea wenzenu. Nyinyi ni uzao wa Amnaay na Boay. Lishikeni neno hili, mlitii, na yeyote atakayelitamka kesho awe amejipima nalo kwanza.