Kesi ya Miguu ya Mama Tembo

Paukwa!

Pakawa.

Nyie wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa.

Haya, sogeeni.

Zamani hizo, mawe hayajapoa vizuri, palikuwa na mlima uliobonyea kichwani kama kinu. Chini yake nyasi zilistawi, wanyama wakanenepa. Ndani ya udongo wake aliishi Bi Fuko. Mdogo, haoni vizuri, kazi yake kuchimba. Chimba, chimba, chimba.

Siku moja nchi ikatetemeka. Tetetete! Kesho yake tena. Tetetete! Mawe yakaporomoka, mayai ya Kanga yakapasuka yote.

Mzee Nyati, mkubwa wa baraza, akawaita wanyama. "Nani anatutikisia nchi?"

"Unauliza, mzee?" akasema Fisi. "Si uitazame ile miguu."

Wote wakamgeukia Mama Tembo. Naye alikuwa na mtoto wa siku tatu, akisimama anayumba.

"Miguu hii nimezaliwa nayo," akasema Mama Tembo. "Mbona mwaka jana haikutikisa kitu?"

"Mwaka jana ulikuwa mwembamba," akasema Fisi. Baraza likacheka.

Nyati akakata kesi. Jua likizama, Mama Tembo awe amehama, ashike njia ya jangwani. Mama Tembo akamtazama mtoto wake. Jangwa lile ni mwendo wa siku nne bila tone la maji. Mtoto yule hafiki.

Bi Fuko aliyasikia hayo akiwa mlangoni pa shimo lake. Moyo ukamuuma, maana kuna jambo alilijua. Kuta za shimo lile zilikuwa baridi tangu enzi za bibi yake. Sasa zina joto. Juzi amechimba chini kidogo, akaungua pua. Na harufu inapanda huko, harufu ya yai viza. Lakini barazani nani amsikilize Fuko?

Akatoka hivyo hivyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe? Sikuoni."

"Niko karibu na mguu wako, baba, usinikanyage. Naomba jambo moja tu. Mama Tembo alale chini, asiinue hata ukucha. Sisi tungoje."

Mama Tembo akalala. Wakangoja. Jua likapanda, wakangoja. Nyani akasinzia juu ya mti. Mama Tembo hatikisi hata sikio. Mara, tetetetetete! Nyani akaanguka, pu!

Wote wakamgeukia Mama Tembo. Bado amelala.

"Labda ni tumbo lake linanguruma," akasema Fisi. Safari hii hakucheka mtu.

"Hebu nieleze, mwanangu," akasema Nyati.

"Baba, shimoni kwangu sasa kuna joto, hata pua nimeungua. Wewe unalala matopeni. Hujaona juu yanavyokauka yakapasuka vipande vipande, na chini bado ni mabichi na laini? Nchi nayo ndivyo ilivyo. Hapa juu ni gamba la mawe, nalo limepasuka. Chini kuna joto la kuyeyusha mwamba. Vile vipande vinasukumana, polepole kama kucha zinavyoota. Vinakwama, vinashindana, kisha kimoja kinateleza ghafla, na sisi tunatikisika."

"Na joto la shimoni kwako?"

"Penye ufa, rojo la mawe hutafuta njia ya kupanda. Hapa linapanda ndani ya mlima wetu. Kila likipasua mwamba, nchi inatetemeka. Likifika juu, litatoka."

"Kwa hiyo hakuna aliyekosa?"

"Hakuna, baba. Si Tembo, si Kanga, si wewe."

Nyati akainuka, akautazama mlima. Halafu akasema, "Tunahama wote. Njia ya mtoni, kwenye maji."

Wakaondoka. Siku ya pili, nguuu! Mlima ukafunguka kichwa. Moto mwekundu ukashuka, majivu yakafunika malisho yote. Hakuna aliyekuwako.

Jioni hiyo Nyati akarudi nyuma ya msafara, akaenda sambamba na Mama Tembo.

"Mama, tulikukosea."

"Mlinikosea," akasema Mama Tembo. "Sasa huyu mtoto amechoka. Msukume upande huo, nami nimsukume upande huu."

Nyati akaweka paji la uso wake mgongoni kwa mtoto, akasukuma taratibu mpaka mtoni.

Basi wanangu, na nyie watu wazima mnaojifanya hamsikilizi: jambo likikutisha, lichunguze lilivyo kabla hujamtafuta wa kumlaumu. Na anayejua asinyamaze kwa kuwa ni mdogo.

Ngano yangu imefika mtoni, nami nimeishia hapo.