Kofia ya Mpishi wa Piza

Anayetafuna ameze kwanza, kisha anipe masikio. Nina mzigo hapa ambao mimi mwenyewe umenishinda kuutua.

Jirani yangu Mzee Baya alipika piza katika hoteli moja ya Malindi miaka thelathini. Alipata watoto watatu, na kila mmoja alichota kitu kwake. Jumwa, binti mkubwa, alichota mikono: akigusa unga uliokandwa anajua kama umeumuka. Kahindi alichota pua: nyama ikiwa motoni, harufu tu inamwambia imepungukiwa nini. Mbeyu, kitinda mimba, alichota macho ya kukaa na moto bila kuunguza kitu.

Uzee ukamletea mzee ugonjwa wa kusahau. Akawasahau wanawe wote. Alichobaki nacho ni kofia yake nyeupe ya kazi, aliyolala nayo kifuani. Kisha akakataa chakula. Siku ya nne daktari akawaita watoto pembeni.

"Mpeni chochote alichokuwa akipenda," akasema. "Hana siku nyingi."

"Piza yake," Jumwa akasema. "Ile ya nyama na nanasi."

Jumwa akakanda unga, akaufunika, akaungoja, akaukanda tena. Aliutaka laini kabisa, kwa kuwa meno ya baba yalishakwisha.

Kahindi akakaanga nyama ya kusaga kwa kitunguu saumu na pilipili manga. Akanusa, akatikisa kichwa, akaongeza bizari nyembamba kidogo. "Sasa ni ya baba," akasema. Harufu ikaingia chumbani, na mzee aliyeuelekea ukuta siku nne akageuka.

Mbeyu akawazuia walipotaka kupanga nanasi bichi. "Litatoa maji, unga uloe. Baba alikuwa akilichoma kwanza." Akalichoma juu ya makaa, kipande kwa kipande. Na kwa kuwa nyumba haikuwa na oveni, akatia mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaweka sinia la piza juu ya mchanga, akafunika, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Hakubanduka pale mpaka ikaiva.

Mzee akala. Akamaliza kipande cha kwanza, akanyoosha mkono kuomba cha pili. Machozi yakamtoka.

"Nani kapika?"

"Sisi, baba," wakajibu wote watatu.

Akawatazama mmoja mmoja kama wageni. Akaitoa kofia kifuani. "Aliyepika hii ni mwanangu," akasema. "Mvalisheni."

"Yupi, baba?" Jumwa akauliza huku analia.

Mzee alikuwa ameshafumba macho. Kesho yake asubuhi akafariki.

Matanga yamekwisha, na kofia bado iko mezani. Hawagombei kitambaa. Wanalililia lile neno, kwamba baba alimjua mtoto wake.

Jumwa anasema, "Mama alipokufa niliacha shule nikawalea hawa. Tangu siku ile hakuna aliyeniita mtoto."

Kahindi anasema, "Mimi na baba tulikosana, tukanuniana miaka sita. Nilipokuja kuomba radhi, hakunijua. Sasa nitasamehewa na nani?"

Mbeyu anasema, "Nimemwogesha kila asubuhi miaka mitatu. Na kila asubuhi ananiambia, asante nesi."

Bila unga ule mzee asingetafuna. Bila nyama ile asingegeuka. Bila nanasi lile la kuchomwa na moto ule, ungeletwa chumbani uji wa unga na majimaji. Wala msiniambie wavae kwa zamu, au waikate vipande vitatu. Kofia iliyokatwa haivaliki, na mzee alitaka kichwa kimoja.

Nimekaa nao siku tatu, nimekunywa chai yao, nimeondoka bila jibu na moyo unaniuma. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: kofia hii hapa mikononi mwenu, na vichwa vitatu vimeinama mbele yenu. Mtamvalisha nani?