Mshindi Aliyetokea kwa Kinyozi

Wapendwa, sogeeni mbele. Kisa hiki nikikisimulia mimi, hata mabenchi haya husikiliza.

Kulikuwa na mji mmoja ambao kila mwaka hufanya mbio ndefu za barabarani. Wakimbiaji hutoka uwanjani, huvuka daraja la mto, hupanda kilima cha ng'ambo, na huko kila mmoja hufungwa utepe wa kijani mkononi, ushahidi kwamba kafika. Kisha hurudi kwa daraja lile lile mpaka uwanjani. Njia ni hiyo tu.

Basi alikuwepo muuza mitumba mmoja, mdomo wake una mbio kuliko miguu. Mwaka mzima kazi yake kumtambia jirani yake, fundi cherehani.

"Fundi, safari hii utaona mgongo wangu tu!"

"Haya, bingwa," fundi anacheka. "Mimi nataka tufike wote, jirani. Bila kelele zako mbio hazinogi."

Siku ikafika. Kabla ya daraja, bwana yule akachepuka kichochoroni, akaingia kwa kinyozi rafiki yake, mlango wakafunga, redio juu. Utepe je? Anao mfukoni, kaununua dukani jana yake! Mnaguna? Ngojeni, bado hamjaguna.

Akasubiri wa mbele warudi, awatangulie. Hola, hasikii kishindo cha mtu. Akasubiri tena.

"Leo wamelegea hawa," akamwambia kinyozi. Akajimwagia maji kichwani yafanane na jasho, akavaa utepe, akatoka. Barabara tupu! Hata wa kumpigia makofi hayupo. Moyoni akasema, wote wamewahi uwanjani kunipokea.

Akaingia uwanjani mikono juu. Ndugu zangu, hakushangilia mtu. Mkewe yuko chini, kanga kichwani, wanawake wamemshika. Alipomwona mumewe akapiga ukelele kama kaona maiti inatembea.

Msimamizi wa mbio akamkamata bega. "Wewe! Umetokea wapi?"

"Kilimani. Utepe huu huuoni?"

"Kilimani hajafika mtu! Mvua ya milimani imeujaza mto, maji yamepita juu ya daraja. Wote tumewarudisha. Uliyekosekana ni wewe peke yako. Tukajua umesombwa."

Jamaa akacheka kicheko kikavu. "Basi mimi hapa, mzima. Fundi yuko wapi aje anione?"

Msimamizi akainamisha kichwa. "Fundi alisema harudi nyumbani bila wewe. Akajifunga kamba kiunoni, akaingia majini kukutafuta."

"Halafu?"

"Tumeivuta kamba. Imekuja tupu."

Mbona mmenyamaza? Mlitaka nimalizie kwa kuchekesha?

Sisi tukijificha tunadhani ni siri yetu na Mungu, naye ana huruma, yataisha. Nani katuambia? Baba, unaaga kwamba unakwenda mkesha wa maombi, na unakokwenda unakujua mwenyewe. Binti, mama yako kule nyumbani anafunga na kuomba kwa ajili ya chuo ulichokwisha kuacha. Wanatutafuta pale tulipodai kwamba tupo, kwa sababu wanatupenda, na wanatuamini. Hawajui kwamba tumekaa kwa kinyozi, redio juu.

Leo hii, ukitoka mlango ule, mwendee huyo mtu wako. Mwambie ulipo kweli. Mwambie ukiwa na aibu zako zote, kabla hajaingia majini.